Mtajo wa barua pepe: umwanzeje mtu unayemwandikia?

Mtajo ni yale maneno mawili matatu yanayokaa peke yake juu ya barua kabla hujafika kwenye shida yako: "Ndugu Mkurugenzi," "Kwa Bw. Otieno," "Shikamoo Mwalimu." Shule za Kenya hulifundisha kwa jina hilo, Tanzania wengi husema tu salamu, au mwanzo wa barua.

Ndani yake mna mambo mawili: kumtaja mtu kwa hadhi yake, na kumjulia hali. Barua rasmi ya karatasi ilishika lile la kwanza tu. Ndugu, mkato, kisha YAH: (yaani yahusu), kisha "tafadhali husika na somo tajwa hapo juu." Hakuna aliyeuliza habari za asubuhi kwenye barua ya kuomba likizo. Barua ya nyumbani nayo ilishika la pili, tena kwa kirefu: "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Barua pepe imekaa katikati. Inafika ofisini lakini inasomwa kwenye simu, pengine ndani ya daladala, na ukianza kikavu mno unaonekana una hasira. Ndiyo maana mimi huweka yote mawili kwa ufupi: "Ndugu Mhasibu, habari za kazi." Baada ya hapo nasema shida.

Hilo neno Ndugu nalithamini kuliko yote, na nilijifunza kwa aibu. Niliwahi kumwandikia "Bw. Furaha" mtu ambaye sikuwahi kumwona. Jibu lilikuja la upole kabisa, na chini limesainiwa "Furaha (Bi.)." Majina yetu mengi ndivyo yalivyo: Furaha, Amani, Zawadi, hayakwambii kama ni mwanamume au mwanamke. Ndugu linawabeba wote. Tanzania lina mizizi mirefu ya kisiasa. Ahadi za TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, zilianza kwa kusema "Binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja," na tangu hapo neno likakaa maofisini, ambako hufupishwa Ndg. Kenya mazoea ni Bw. au Bi., kwa hiyo ukiwa na shaka huko tumia cheo: "Kwa Meneja." Mwenye Dkt. au Prof. mpe, ameisotea. Mheshimiwa waachie wabunge, mawaziri, majaji na wenzao. Ukimpa kila mtu linapoteza uzito.

"Mpendwa" mimi silipendi kwa mtu nisiyemjua. Limeingia kwa kutafsiri barua za Kiingereza, lakini masikioni mwetu bado lina mapenzi ndani yake. Waumini wakiitana wapendwa, sawa, hao wanajuana. Meneja wa benki je?

Shikamoo ni amana ya umri. Mwandikie mwalimu wako, shangazi, mzee wa mtaa. Kwa mkurugenzi usiyemfahamu unakuwa unakisia miaka yake, na huenda ni mdogo kwako. Na "habari za asubuhi" inachakaa haraka: umeiandika saa mbili asubuhi, yeye anaisoma baada ya chakula cha mchana. "Habari za kazi" au "Salaam" haina saa.

Wakiwa wengi, wataje kwa kinachowakutanisha: "Ndugu Wajumbe," "Walimu wenzangu, hamjambo."

Kisha tazama jibu. Mtajo wa kwanza ni wa kubisha hodi, na mwenye nyumba ndiye anayekwambia ukae wapi. Ulianza "Ndugu Mratibu," naye akajibu, "Asante sana, karibu ofisini Jumatatu. Mama Rehema." Barua inayofuata anza, "Habari za leo, Mama Rehema." Ameshakupa mwenyewe jina la kumwita.