Majimoto hawali vidaka: dhana potofu kuhusu chungu wa minazini

Juzi, katika shamba moja la Donge, Unguja, mzee aliyenikaribisha kwa dafu alinionesha ufito mrefu aliofunga kitambaa cha mafuta ya taa kwenye ncha. "Mwanangu," akaniambia, "hawa majimoto ndio wanaonimalizia nazi. Nimeyachoma masega yao yote." Majimoto ni chungu wanaoshona majani ya mti kuwa masega, yaani viota vyao. Chini ya minazi ya mzee vidaka, yaani nazi changa, vilikuwa vimetapakaa, na alikuwa akisubiri nimpongeze. Kauli hiyo nimeisikia Unguja na Pemba, kwa wakulima na kwa wakwezi, mara nyingi kiasi kwamba nimeona niijibu kwa maandishi.

Majimoto hawaangushi vidaka. Mdomo wao ni wa kuuma na kukata, na kinachowapeleka kwenye kole, yaani shada la nazi, ni kuwinda. Mwenye kuviangusha ni mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia, jamaa ya kunguni, ambaye wataalamu humwita Pseudotheraptus wayi. Huyu hudunga kidaka kikiwa bado kichanga, hufyonza maji yake na kuacha mate yanayoua nyama ya tunda pale alipodunga. Kidaka kilichodungwa mara nyingi hudondoka, na kikinusurika hukua kikiwa na makovu yaliyobonyea na utomvu ulioganda, kisha hutoa nazi ndogo iliyopinda. Wadudu wachache tu katika mnazi mmoja hutosha kuleta hasara kubwa, na kwa kuwa ni wachache na hujificha, mkwezi hawaoni. Anaowaona ni majimoto, ambao ni wengi, hawajifichi na humuuma. Hivyo ndivyo mlinzi alivyobebeshwa kosa la mwizi.

Jambo hili si geni kwetu, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Ilikuwa hapa hapa Zanzibar ambapo mwanasayansi wa Uingereza, M. J. Way, alichunguza uhusiano wa mdudu huyo na chungu wa minazini, akachapisha matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jina "wayi" linatokana na jina lake. Alionesha kwamba mnazi uliokaliwa vyema na majimoto hupata nafuu kubwa dhidi ya mdudu huyo, kwa sababu majimoto humfukuza, humkamata na kumla. Elimu iliyopatikana katika mashamba ya wazee wetu imewafikia wakulima wa nchi za mbali, na sisi bado tunashika mafuta ya taa.

Niliketi na yule mzee chini ya mlimau wake, ambako sega moja lilikuwa limesalimika, nikachana ukingo wa jani kwa ukucha. Muda haukupita, chungu wakajipanga mstari, kila mmoja akiuma ukingo wa jani huku akivuta, na waliokosa urefu wakashikana viuno kuziba pengo. Kisha wakaja wengine wamebeba vibuu vyao mdomoni, wakivisogeza upande huu na huu kama mfumaji anavyopitisha uzi, kwani hariri inayoshona majani hutoka kwenye vibuu na si kwa chungu wakubwa. Mzee alitazama kimya mpaka tundu likazibwa.

Baada ya hapo nilimshauri ninalomshauri kila mtu, nami sitachoka kulirudia: chukua kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi), ifunge kutoka kwenye mlimau wenye majimoto hadi kwenye mnazi usio nao, nao watavuka wenyewe. Acha milimau, mipera na mikarafuu isimame kati ya minazi, kwa maana majani yake hushoneka kwa urahisi kuliko makuti. Ukihamisha masega, yatoe katika kundi moja, kwa kuwa majimoto wa makundi mawili hupigana hadi kufa. Usilime chini ya minazi hadi udongo ukabaki mtupu. Fyeka tu, kwani ardhi ikikosa majani, chungu wadogo wa kahawia waishio ardhini hupanda minazi na kuwafukuza majimoto, ilhali wao hawaukingi mnazi dhidi ya mdudu yule.

Wapo pia wasemao kwamba kila kidaka kinachodondoka kina mdudu. Sivyo, mnazi wenyewe hupunguza vidaka usivyoweza kuvilisha, hasa wakati wa ukame. Tazama makovu na utomvu kabla ya kulaumu.

Wengine hudhani majimoto watawamaliza chonga, mbawakawa washambuliao minazi. Hilo nalo si kweli. Chonga huzaliwa katika magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi, na dawa yake ni kuyaondoa magogo hayo.

 

Wachumaji wa karafuu wana malalamiko ya haki, nami sitayapuuza. Majimoto huuma kweli, na tindikali wanayoimwaga kwenye jeraha huwasha kama maji ya moto, ndiyo asili ya jina lao. Vilevile hufuga wadudu-gamba kwenye mikarafuu kwa ajili ya majimaji matamu wanayotoa, na wadudu hao hufyonza utomvu wa mti. Kwa mchumaji, majivu yaliyopakwa mikononi na miguuni husaidia, na katika mkarafuu mmoja unaotaka kuchumwa leo, tawi lenye sega linaweza kukatwa taratibu na kuegeshwa kwenye mnazi wa jirani uliokaliwa na kundi hilo hilo. Yule mzee wa Donge ameshafunga kamba tatu.