Kuvuja kwa kifundo cha ekseli ya mbele: maana yake na namna ya kutambua chanzo

Kuvuja kwa kifundo cha ekseli ya mbele ni hali ya grisi au oili kutoka kwenye tufe la chuma lililo nyuma ya gurudumu la mbele, katika magari yenye ekseli nzima isiyokatika kutoka tairi hadi tairi, kama vile Toyota Land Cruiser za toleo la 70 zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984. Ndani ya tufe hilo mna jointi inayopeleka nguvu kwenye gurudumu huku gurudumu likikata kona, na jointi hiyo huogelea katika grisi nzito.

Si kila unyevu ni ubovu. Utando mwembamba wa grisi juu ya tufe ni wa kawaida, kwa kuwa sili ya nje (pete inayozuia grisi au oili isivuje) kazi yake ni kulipangusa tufe kila usukani unapozungushwa. Kinachopaswa kumshtua mwenye gari ni uji mweusi unaodondoka, au michirizi iliyofika upande wa ndani wa tairi.

Hapo ndipo mafundi wengi hukosea, kwa kubadilisha sili ya nje inayoonekana ilhali chanzo kiko ndani. Mwishoni mwa bomba la ekseli kuna sili nyingine inayoizuia oili ya difu, yaani kasha la gia lililo kwenye ekseli, isiingie kwenye tufe. Ikichoka, oili hupenya, huiyeyusha grisi, na mchanganyiko huo mwepesi hauwezi tena kuzuiwa na sili ya nje. Kwa hiyo lifute tufe likauke kabisa, endesha gari kilomita chache, kisha chukua tone na ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa zito na la kunata, ni grisi tupu na sili ya nje ndiyo ya kushukiwa. Likiteleza kama mafuta na kunuka salfa, ni oili ya difu. Likiwa jepesi, na likasafishika upesi kwa maji, ni maji ya breki, na gari hilo lisiendeshwe mpaka breki zikaguliwe.

Thibitisha kwa kufungua nati ya kujazia oili kwenye difu, gari likiwa mahali tambarare: kina kikiwa kimeshuka chini ya tundu, umepata ushahidi wa pili. Kisha inua gurudumu kwa jeki na ulitikise ukilishika juu na chini. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukikoma, beringi za gurudumu zimelegea, na ukiendelea, tazama beringi za juu na chini za kifundo, ambazo zikichakaa hulifanya tufe likae upande na kuila sili.

Nasisitiza jambo moja linalosahaulika mno, nalo ni kijibomba cha kupumulia cha difu. Kikizibwa na tope, hewa iliyopata joto hukosa pa kutokea na kuisukuma oili kwenye sili, hata iwe mpya. Kizibueni kwanza. Shafti, yaani fimbo ya chuma inayopeleka nguvu kutoka difu hadi gurudumu, ikishatolewa, pitisha ukucha mahali sili inapokaa: ukucha ukinasa kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile, na shafti hiyo ndiyo ya kushughulikiwa.