Usiifute Maven, funga dirisha

Jana alasiri niko gatini Mokowe nangoja boti ijae, simu yaita. "Ami, Maven imekataa. Nimeifuta pamoja na JDK, nimepakua upya mara tatu, na bando ndiyo hilo limekwisha." Ni kijana wa jirani yangu Langoni, kanunua kompyuta ya mezani juzi. (Maven ni zana ya kujengea miradi ya Java; JDK ni Java yenyewe pamoja na vifaa vya kuandikia programu.) Si wa kwanza kunipigia, na wote wana imani moja: Maven ikikataa, ilisakinishwa vibaya.

Jamani, Maven haisakinishwi. Ni zipu. Unaifungua, unaiweka mahali, tuseme C:\maven, basi. (Chukua yenye bin kwenye jina. Yenye src ni msimbo wake, utahangaika bure.) Kilichobaki ni kuiambia Windows iko wapi: folda yake ya bin iingie kwenye PATH, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta amri, na JAVA_HOME, kigezo kinachosema Java iko wapi, ielekee kwenye folda ya JDK, bila bin mwishoni, tafadhali.

Kinachonichoma ni dirisha. Mtu ahariri PATH, abonyeze OK, arudi kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, ileile aliyoifungua asubuhi, aandike mvn -version kuijaribu Maven, ajibiwe kwamba amri haitambuliki. Afute Maven! Imekosa nini maskini? Programu inapoanza hupewa nakala yake ya vigezo vya mazingira, PATH na JAVA_HOME vikiwemo, na hukaa na nakala hiyo mpaka ifungwe. Nahodha akishatweka tanga na orodha yake ya shehena mkononi, wewe ongeza mistari kwenye orodha iliyobaki gatini mpaka wino uishe, yake haibadiliki. Funga dirisha, fungua jingine.

Na kwa wale wanaoandikia msimbo kwenye VS Code: kufunga kile kidirisha cha terminali cha chini hakutoshi. Kipya kitarithi kwa VS Code yenyewe, nayo ilianza kabla hujagusa PATH. Ifunge yote. Hili lilinila nusu siku wakati tayari watu wananilipa kwa kazi hii, kwa hiyo simcheki mtu. Namkemea tu.

Kisha huja wa "Java ninayo, java -version yajibu." Yajibu, ndiyo, lakini nani? Amri ya java huokotwa kwenye PATH. Maven hufuata JAVA_HOME kwanza, na isipowekwa ndipo huitafuta kwenye PATH. Zaweza kuwa Java mbili tofauti kabisa. Mimi husoma mstari wa Java kwenye jibu la mvn -version, huo tu.

Kuhusu bando: zipu ya Maven haifiki megabaiti 10. Walaji ni JDK, na maktaba zinazoshuka kwenye .m2, folda ambamo Maven huzihifadhi, unapojenga mradi mara ya kwanza. Kabla ya kwenda pasipo na mtandao mimi hupiga mvn dependency:go-offline, amri ya kuzivuta mapema, lakini siiamini sana. Surefire, kipande cha Maven kinachoendesha majaribio, hungoja yaanze ndipo ikumbuke kuna kitu haijakivuta. Kwa hiyo huujenga mradi wote mara moja, majaribio na yote, kisha ndiyo nazima data.

Yule kijana nilimwambia afunge dirisha. Kimya kidogo, kisha: "Ami, imejibu!"

"Mstari wa Java wasemaje, mwanangu?"

"Moja nukta nane."

Yaani Java 8. Mradi wake wataka 17.