Daraja la Jaguar halina kosa
Tangu zamani husemwa daraja la gitaa la umeme la Fender Jaguar, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wake, ni bovu, eti ukipiga kwa nguvu uzi unaruka kwenye kifereji chake. Tatizo hasa ni nyuzi. Gitaa hili la 1962 lina urefu wa uzi wa inchi 24 badala ya 25.5 ya magitaa mengine mengi ya Fender, hivyo kwa sauti ileile mkazo hupungua kama asilimia 11. Nyuzi nyembamba, zinazoanzia unene wa inchi 0.009, hulegea mno. Funga seti nene zaidi, inayoanzia 0.011. Kisha fungua shingo, weka kipande cha kadi cha nusu milimita ndani ya shimo lake, upande wa pikapu (kinasa sauti cha nyuzi), upandishe daraja. Sasa nyuzi zinalikandamiza ipasavyo. Likiyumba kidogo liache, limeundwa liyumbe na mkono wa tremolo, ule wa kupandisha na kushusha sauti.