Mwandiko Unaposinyaa: Utani wa Mgonjwa wa Parkinson

Mwalimu mmoja mstaafu aliketi mbele yangu kliniki, akaisogeza karatasi mezani na kusema, "Daktari, siku hizi na mimi nina mwandiko wa kwenu." Mkewe alicheka, lakini uso wa mwalimu haukubadilika hata kidogo, nami ilinichukua muda kutambua kwamba alikuwa akitania. Katika sentensi niliyomwomba aandike, neno la kwanza lilisomeka bila taabu, kisha herufi zikazidi kupungua hadi zile za mwisho zikawa kama punje za ulezi zilizobanana.

Katika ugonjwa huu, uliopewa jina la James Parkinson, daktari Mwingereza aliyeueleza mwaka 1817, seli za ubongo zinazotengeneza kemikali ya dopamini hufa kidogo kidogo, na ubongo hushindwa kukadiria ukubwa na kasi ya miendo ya mwili. Ndiyo maana hatua hufupika, sauti hushuka na herufi husinyaa, wakati mwingine hata kabla mkono haujaanza kutetemeka. Misuli ya uso nayo hukakamaa, hivyo mtu anaweza kuwa anacheka moyoni huku wenzake wakidhani amenuna. Ninawasihi ndugu wasiupime utani wa mgonjwa kwa uso wake; wasikilize maneno.

Utani kuhusu mwandiko ni wa mgonjwa mwenyewe. Anapouanzisha mwenyewe, mara nyingi anatafuta njia ya kulitaja jambo linalomwumiza, na kucheka naye ni kumsaidia. Akianza mwingine, hasa mbele ya watu, mgonjwa husikia kwamba ni mzembe, na huenda akaiacha kalamu kabisa. Mwalimu huyu alikuwa amekwisha kukataliwa benki kwa sababu saini yake haikufanana na ile ya zamani, na hilo hakulitania.

Dawa ya levodopa husaidia, na ni vyema kuandika katika saa ambazo inafanya kazi vizuri. Karatasi yenye mistari, kukusudia kila herufi iwe kubwa na kupumzisha mkono baada ya maneno machache pia huleta nafuu. Anayeona mwandiko wake unazidi kuwa mdogo bila sababu amwone daktari mapema.

Mwalimu sasa anatumia daftari la mistari mipana, na huwaambia wageni kwamba amekaririshwa darasa la kwanza.