Je, wajua kwa nini walimu wawili wenye muhtasari mmoja hufundisha lugha kila mtu kivyake?

Kidato cha Pili, kipindi cha Kiingereza, shule ya kata huko Rungwe. Mwanafunzi anasimama na kusema: "Yesterday I go to Tukuyu." Mwalimu anamkatiza papo hapo, anaandika "went" ubaoni, darasa zima linarudia. Sasa mpeleke mwanafunzi huyo Mufindi, kwa mwalimu mwingine. Huyu anamjibu: "Oh, you went to Tukuyu? With whom?" Kosa limerekebishwa, mazungumzo yanaendelea.

Mwalimu wa kwanza anaamini lugha ni kanuni, na kosa lisipong'olewa mapema litaota mizizi. Wa pili anaamini lugha hujengeka kwa kuitumia. Imani hizo huzikuti kwenye andalio la somo, lakini ndizo zinazoendesha kipindi.

Zimetoka wapi? Mwaka 1975 mwanasosholojia wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba mtu huanza kujifunza ualimu akiwa bado mwanafunzi. Alikadiria kuwa Mmarekani anayemaliza sekondari ameshakaa mbele ya walimu kwa takriban saa 13,000. Vivyo hivyo, kijana anayejiunga na chuo cha ualimu cha Kleruu au Mpuguso anafika akiwa na picha kamili ya mwalimu kichwani. Miaka michache ya chuo haiifuti kirahisi.

Mwaka 2005 mtaala wetu wa sekondari hapa Tanzania ulihamia kwenye ujenzi wa umahiri, mwanafunzi akiwa mtendaji mkuu. Hata hivyo, madarasa mengi yaliendelea na chaki na kunakili. Wapo wanaosema ni uvivu. Mimi nakataa kabisa. Mtu aliyefaulu kwa kukariri ana ushahidi wa maisha yake mwenyewe kwamba kukariri kunalipa. Na mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne ni wa kuandika tu, kwa hiyo hata mwalimu anayependa mazungumzo hujikuta akirudi kwenye maswali ya mitihani iliyopita.

Imani hiyo hubadilikaje? Mwaka 1986 Thomas Guskey, naye wa Marekani, alipendekeza kwamba mwalimu hubadili imani baada ya kujaribu mbinu mpya na kuona wanafunzi wake wakinufaika. Semina peke yake haitoshi. Mwache ajaribu mbinu moja kwa muhula mzima, katika mkondo mmoja tu, kisha alinganishe mwenyewe madaftari ya mkondo huo na ya ule mwingine.