Ofa ya kufundisha nje ya nchi: mimi huisoma kuanzia ukurasa wa mwisho

Mwalimu akinipigia simu kwa furaha kwamba amepata kazi katika shule ya kimataifa nje ya nchi, nampongeza, kisha namwomba anitumie mkataba. Ukinifikia, siuanzi mwanzo. Kurasa za kwanza huandikwa na mtu anayekutaka uje. Za mwisho huandikwa na wakili, na mimi huanza na za wakili.

Nimefundisha hisabati katika shule tatu za namna hiyo. Katika ile ya tatu nilikuwa mkuu wa idara, kwa hiyo nilikaa pia kwenye jopo la usaili na kuona ofa zinavyotengenezwa. Siku hizi nawasomea walimu wenzangu mikataba kabla hawajatia saini, na swali langu la kwanza halijabadilika: ukitaka kuondoka, utaondokaje?

Jibu lake halikai mahali pamoja. Kipande kimo kwenye kipengele cha majaribio, kipande kwenye notisi, kipande kwenye marejesho ya gharama, na kipande kingine kimefichwa kwenye kitabu cha taratibu za wafanyakazi ambacho hukutumiwa. Kiombe. Mkataba ukisema "kwa mujibu wa kanuni za shule", kanuni hizo ni sehemu ya mkataba hata kama hujaziona, na kusaini bila kuzisoma ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mkataba wangu wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Nilisoma mshahara, nikasoma likizo, nikasaini siku ya pili. Kabla mwaka haujaisha baba aliugua, nikaomba kuondoka shule zikifungwa. Ndipo nilipoonyeshwa aya iliyosema kwamba mwalimu akikatisha mkataba atarudisha nauli ya kuja, gharama za viza na fedha za kuanzia maisha, na tiketi ya kurudi atajilipia. Jumla yake ilikaribia mishahara miwili. Sikuwa na wa kumlaumu, saini ilikuwa yangu na hata mwandiko ulikuwa mzuri.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba mkataba haumalizi maneno, juu yake kuna sheria ya nchi. Chukua Umoja wa Falme za Kiarabu, kwa sababu ndiko ofa nyingi zinakotoka. Sheria ya kazi ya sekta binafsi iliyoanza kutumika Februari 2022 inasema majaribio yasizidi miezi 6. Shule ikitaka kukuachisha ndani ya kipindi hicho ikupe notisi ya siku 14, nawe ukitaka kuondoka nchini utoe siku 14. Lakini ukitaka kuhamia kwa mwajiri mwingine humo humo nchini, notisi yako ni mwezi mmoja, na mwajiri mpya ndiye anayemfidia yule wa zamani gharama za kukuleta. Sheria hiyo hiyo inamkataza mwajiri kumtwisha mfanyakazi gharama za kumwajiri. Mwalimu anayejua hayo akikuta aya kama ile yangu, ana la kuuliza kabla ya kusaini. Kwa hiyo kabla hujajadili lolote, tafuta sheria ya kazi ya nchi unakokwenda na usome sura za majaribio, notisi na mafao. Ni kazi ya jioni moja.

Kuna jambo jingine la kuondoka ambalo halimo kwenye karatasi yoyote. Katika nchi nyingi kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri, na kama nyumba nayo ni ya shule, siku unapopoteza kazi unapoteza vitu vitatu kwa mpigo. Uliza waziwazi: mkataba ukivunjika katikati ya mwaka, nina siku ngapi za kukaa kwenye nyumba, na siku ngapi za kukaa nchini? Shule iliyozoea kuajiri wageni hujibu bila kushtuka.

Haya, sasa fedha.

Usiangalie jumla kabla hujaangalia mgawanyo wake. Ofa mbili za Umoja wa Falme za Kiarabu zinaweza kusema dirhamu 12,000 kwa mwezi, moja ikiwa yote ni mshahara wa msingi, nyingine ikiwa 6,000 za msingi na 6,000 za posho. Kila mwezi mfukoni ni sawa. Tofauti hujitokeza siku ya kuondoka, kwa sababu kiinua mgongo huko huhesabiwa kwa mshahara wa msingi peke yake: siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, siku 30 kwa kila mwaka unaofuata, na lazima uwe umetimiza angalau mwaka mmoja. Tupige hesabu ya miaka mitatu. Msingi wa 12,000 ni 400 kwa siku, mara 21 ni 8,400 kwa mwaka, kwa hiyo 25,200. Msingi wa 6,000 unakupa nusu yake, 12,600. Umepoteza zaidi ya mshahara wa mwezi mzima kwa sababu ya mstari mmoja kwenye jedwali, na hakuna aliyekudanganya.

Ninapoliona jedwali la namna hiyo huwa namwambia mwalimu aombe msingi upandishwe na posho zipunguzwe, jumla ibaki ile ile. Kwa shule ni ombi jepesi kuliko kuomba nyongeza. Wengine hukubali. Wakikataa, angalau unajua unachokubali.

Halafu sarafu. Dirhamu imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha 3.6725 tangu 1997, na riyali ya Saudia kwa 3.75 tangu 1986. Mtu anayelipwa kwa sarafu hizo na kutuma fedha nyumbani anajua mwaka kesho atatuma kiasi gani cha dola. Si kila mahali ni hivyo. Machi 2024 Misri iliiachia pauni yake, na kwa siku moja ikaanguka kutoka takriban 31 kwa dola hadi karibu 50. Mwalimu aliyekuwa akilipwa pauni 50,000 alilala na mshahara wa dola kama 1,600 akaamka na wa dola 1,000, na mkataba wake ulikuwa haujabadilika hata nukta. Ukipata ofa kwenye nchi yenye sarafu inayoyumba, uliza kama sehemu ya mshahara hulipwa kwa dola au euro, na kama kiwango cha kubadilishia kimeandikwa au kimeachwa kwa "utaratibu wa shule". Maneno hayo matatu ya mwisho huwa nayapigia mstari mwekundu.

Kodi siielezi kwa kirefu, kwa kuwa inategemea uraia wako na mahali unakohesabiwa kuwa mkazi. Neno moja tu: "mshahara usio na kodi" ni ahadi ya nchi unakokwenda. Nchi yako inaweza kuwa na maoni mengine, na mfuko wako wa pensheni hauchangiwi na mtu ukiwa huko.

Nyumba: je, ni ya shule au posho? Ikiwa posho, inalipwa kila mwezi au mara moja kwa mwaka? Kuna miji ambayo wenye nyumba hutaka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mwalimu mgeni anaanza kazi kwa deni. Ikiwa ni ya shule, uliza kama ni ya peke yako. Neno "makazi" halisemi unashirikiana jiko na nani. Bima: inafanya kazi ukiwa likizo nyumbani? Inalipa uzazi? Inalipa ugonjwa uliokuwa nao kabla? Maswali matatu, majibu kwa maandishi, tuendelee.

Watoto ndio wanaobadilisha hesabu yote. Ada ya shule hizi kwa mtoto mmoja inaweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu, kwa hiyo "punguzo la ada kwa watoto wa wafanyakazi" lisomwe kama inavyosomwa noti inayoshukiwa kuwa bandia. Punguzo la asilimia ngapi? Watoto wangapi? Linahusu ada ya masomo peke yake, au pia basi, sare, chakula na mitihani? Na nafasi imehakikishwa, au ni kama itapatikana? Nimeona familia ikifika na barua ya punguzo la asilimia 100 kisha ikaambiwa darasa la mtoto limejaa.

Sasa niulizwe swali ambalo wengi huanza nalo: nitajuaje kama shule yenyewe ni ya kweli? Neno "kimataifa" halina mwenyewe. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani, na mwaka 1968 mji huo huo ukazaa International Baccalaureate, yaani IB, mtaala wa kimataifa wenye diploma yake. Tangu hapo jina limesambaa kuliko maana yake, na katika nchi nyingi mtu yeyote mwenye leseni ya shule anaweza kulibandika getini.

Tofautisha mambo mawili. Kuruhusiwa kufundisha IB au kufanyisha mitihani ya Cambridge ni idhini ya mtaala. Ithibati ya taasisi kama Council of International Schools ni ukaguzi wa shule nzima: uongozi, ulinzi wa watoto, fedha, namna inavyowatendea walimu. Shule inaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Vilevile, shule inayoomba idhini ya IB bado haijaipata, na matangazo hupenda kulipitia hilo haraka. IB ina orodha yake ya shule kwenye tovuti, Cambridge nayo ina yake. Tafuta jina huko, usilitafute kwenye brosha.

Kuhusu kazi yenyewe, usiulize "vipindi vingapi?" ukaishia hapo. Vipindi 22 vya somo moja kwa madarasa yanayofanana ni wiki ya kawaida. Vipindi 22 vyenye maandalizi matano tofauti ni mgongo kuvunjika. Omba ratiba ya mwalimu unayemrithi. Kama ni diploma ya IB, uliza utasimamia insha ndefu ngapi: ni insha ya utafiti yenye kikomo cha maneno 4,000, na IB inapendekeza msimamizi atumie saa 3 hadi 5 kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi sita ni hadi saa 30, na mara nyingi hazionekani kwenye ratiba. Ongeza zamu za mapumziko, klabu za baada ya masomo na kufidia walimu wasiokuja.

Kwenye usaili nilikuwa nasubiri swali moja ambalo wachache waliuliza: nafasi hii imekuwaje wazi? Tulioulizwa tulilazimika kuwa wakweli, maana jibu la uongo kwa swali fupi namna hiyo huonekana usoni. Uliza pia ni walimu wangapi waliondoka mwaka uliopita, na omba kuzungumza na mmoja aliyeko sasa bila mkuu wake kuwapo. Bora zaidi awe anayeondoka. Huyo hana cha kupoteza, na dakika zake ishirini zitakupa kuliko tovuti yote.

Jambo chungu nalo liulizwe. Kuna shule zenye ngazi mbili za mishahara: ya walioajiriwa kutoka nje na ya walioajiriwa papo hapo. Na kuna zinazopanga mshahara kwa kutazama pasipoti, ingawa hazitaandika hivyo. Uliza kama kuna ngazi iliyochapishwa na wewe umewekwa hatua ya ngapi. Wakati mwingine kizuizi si shule bali viza: viza ya E-2 ya Korea Kusini, ile ya kufundisha lugha ya Kiingereza, kwa kawaida hupewa raia wa nchi 7 tu. Shule inaweza kukupenda kwa dhati na ofa isiwezekane. Hakikisha aina ya viza kwa jina lake kabla hujaandika barua ya kuacha kazi uliyonayo.

Na usisafiri kwa viza ya utalii eti "tutaibadilisha ukifika". Hapo mimi sina mjadala.

Kuthibitisha vyeti huchukua muda kuliko unavyodhani. Kama nchi iliyotoa cheti na ile unakokwenda zote zimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1961, muhuri mmoja wa apostili, yaani uthibitisho wa hati unaokubaliwa na nchi wanachama, unatosha. China, kwa mfano, imo tangu 7 Novemba 2023. Kama mojawapo haimo, shahada yako itapita mikono ya wizara kisha ubalozi, hatua kwa hatua, kila hatua na ada yake. Uliza nani analipa. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai kiombwe mapema kwa kila nchi uliyowahi kuishi, na usikasirike shule ikisisitiza. Ya kutilia shaka ni ile isiyokiomba. Wakala naye akidai umlipe ili upate nafasi, mkumbushe Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa 1997: kanuni yake ni kwamba mfanyakazi hatozwi.

Mwisho kuna haraka yao. Shule zinazoanza mwaka wa masomo Agosti huajiri sana kati ya Oktoba na Februari, na katika msimu huo utapewa siku mbili au tatu za kujibu. Usiogope kuomba zaidi. Barua ninayowapa walimu ni fupi: "Nashukuru sana kwa ofa hii, na nina nia ya kweli ya kujiunga nanyi. Naomba kitabu cha taratibu za wafanyakazi, mgawanyo wa mshahara, na siku tano za kuvisoma. Nitajibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana." Kisha jibu Ijumaa kabla ya saa sita mchana.